Kupakia na Kupakua

Benchi lenyewe lilikuwa mbao mbili juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi wa vifaa vya umeme, pale barabara inapopinda. Halikuwa na kibali. Maofisa wa manispaa waliwahi kuja kuling'oa, wakakaa kwanza ili wajadiliane utaratibu wa kuling'oa, wakaagiza kahawa, na tangu hapo kila wapitapo hulisalimu kama ndugu. Upande wa mlango alikaa Injinia, mwenye kibanda, ambaye chuo cha uhandisi alikifahamu kwa kuwa aliwahi kupaka rangi ukuta wake. Katikati alikaa Wakili, aliyejipatia jina kwa kushindwa kesi moja ya kiwanja katika ngazi zote za mahakama zilizopo. Aliyezunguka na birika alikuwa Sukari, aitwaye hivyo kwa sababu kahawa yake haijawahi kuionja. Na mwisho wa benchi, penye kivuli cha bati, palikuwa pa Masjala, mgane aliyestaafu baada ya kutunza mafaili ya serikali maisha yake yote ya kazi, mtu aliyeamini kwamba duniani hakuna kinachopotea, kuna kilichofailiwa vibaya tu. Pale palikuwa pake siku zote ila Jumamosi. Jumamosi palikaliwa na kofia ya Wakili.

Jumamosi hii Masjala akaja.

— Mzee, umekosea siku, alisema Wakili, akiiondoa kofia shingo upande.

— Kalenda ninayo.

— Binti je?

— Ana shughuli.

— Anaumwa?

— Nimesema ana shughuli. Sukari, nimiminie.

Sukari akamimina. Alikuwa mtu wa kumwangalia mnywaji usoni kabla ya kuamua kikombe kijae kiasi gani, na hiki alikijaza hadi ukingoni.

Jumamosi ilikuwa ya binti. Tangu mama yake atangulie, alikuwa akija kutoka upande wa pili wa mji, anakunja mikono ya blauzi, anaosha vyombo vya wiki nzima huku baba yake amekaa kwenye kigoda na kitambaa, akivifuta. Masjala alifuta vibaya. Alifuta vibaya kwa makusudi, maana akifuta vibaya hunyang'anywa kitambaa na kugombezwa, na kule kugombezwa ndiko kulikokuwa maongezi yao. Mara nyingine katikati ya wiki alijipakulia kwenye sahani mbili, moja ya kulia na moja ya kufunikia, ili Jumamosi isiishe mapema.

Sasa Jumamosi iliyopita vijana wawili walibeba sanduku, wakalifungua jikoni, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuoshea vyombo, nyeupe, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Binti alikuwa na furaha isiyo kifani. "Baba, sasa utapumzika na mimi nitapumua," alisema. "Usiiwashe mpaka ijae, inakula maji bure. Jumamosi ijayo nitakupigia kuuliza. Ukiona vinatoka safi, basi sitakuwa na haja ya kukukimbilia kila wiki. Nitakuwa nakuja nikipata nafasi."

Nikipata nafasi. Masjala aliyajua maneno hayo. Kazini aliyaona yameandikwa pembeni mwa mafaili mengi, kwa kalamu nzuri, na hakumbuki hata moja lililorudi.

Asubuhi ya Jumamosi hii mashine ilijaa. Akaiwasha. Ikanguruma, ikakoroma, ikanyamaza kama mtu anayekumbuka jambo, ikanguruma tena, mwisho ikapiga mlio na taa ya kijani ikawaka. Masjala akasimama mbele yake, mkono kwenye kishikio cha mlango. Kama vyombo vitakuwa safi, Jumamosi zimekwisha. Akauondoa mkono. Akavaa koti, akafunga nyumba, akaja kijiweni.

— Nina swali, alisema baada ya funda la pili. Swali la kitaalamu. Mashine ya kuoshea vyombo, vyombo vyake hupakiwaje?

Injinia akaweka chini bisibisi yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la kitaalamu tangu benchi lijengwe.

— Umepata mashine, mzee?

— Nimeletewa.

— Na wewe umeipakia vipi?

— Kama mtu mwenye akili zake anavyopanga. Kwa tarehe.

— Kwa kitu gani?

— Kwa tarehe, Injinia. Sahani ya Jumapili nyuma kabisa, ya Jumatatu mbele yake, mpaka tufike leo. Na zimebanana sawasawa, maana faili likilegea linaanguka, na likianguka hulioni tena.

— Na vijiko?

— Nimevifunga na mpira, kitita kimoja. Visitawanyike.

Wakili akajifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili mtu wa sheria.

— Mzee wangu, alisema Injinia kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, mle ndani kuna mkono unaozunguka na kurusha maji kutoka katikati. Sahani sharti zitazame katikati, na ziachiane nafasi maji yapite. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Wahenga wamesema uzibe. Wewe unataka tuache.

— Walikuwa hawajaiona mashine.

— Ngoja, ngoja! Wakili alikuwa amerudisha uso wake. Zitazame katikati, kwa hiyo za kulia na za kushoto zinatazamana?

— Zinatazamana.

— Basi hapo ndipo ulipokosea, Injinia. Sahani ni kama wajumbe wa kamati. Ukiwaweka wakatazamana, kila mmoja anaficha uchafu wa mwenzake. Hakuna kamati iliyowahi kutoka safi kwa mtindo huo. Zitazame upande mmoja, mgongo kwa uso, kila moja imshitaki aliye mbele yake.

— Hiyo ni foleni, si kuosha.

— Foleni ndiyo haki ya kwanza ya raia!

— Na vikombe? Aliyeuliza ni Sukari, maana vikombe vilikuwa fani yake. Umevifudikiza?

Masjala akakizungusha kikombe chake mkononi.

— Nimeviweka vimekaa. Midomo juu.

— Vimejaa maji machafu, basi. Kikombe hufudikizwa, mzee.

— Si nyumbani kwangu. Kwangu kikombe kilichofudikizwa ni cha mtu aliyesafiri. Yeye alikuwa na utaratibu huo, marehemu. Mtu akisafiri, kikombe chake kinafudikizwa rafuni mpaka arudi. Kimoja bado kiko vile.

Gari la taka likapita. Sukari akaviangalia vikombe vyake vyote vilivyofudikizwa kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza havikumpendeza.

— Kwa hiyo, Masjala akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi, kwa jinsi nilivyopakia, vitatoka vichafu?

— Vichafu kabisa, alisema Injinia.

— Hakuna shaka?

— Mzee, sahani zimebanana kama wahudhuriaji wa mkutano wa bure, vijiko umevifunga pingu, vikombe umeviacha vinakinga mvua. Vikitoka safi nitafunga kibanda hiki.

Masjala akanywa kahawa yake na ikamshukia vizuri. Alikwisha kuyasikia maneno atakayomwambia binti jioni: mwanangu, imeshindwa, nimeuliza hadi wataalamu. Na binti angeshusha pumzi, angesema haya Baba, Jumamosi nakuja.

— Lakini hilo si tatizo, Injinia akaendelea. Ni mpangilio tu. Kesho nakuja kwako, nakupangia, unajifunza mara moja, basi mpaka kufa.

Kahawa ikasimama njiani.

— Hapana haja ya kusumbuka.

— Siyo usumbufu! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mashine yako ina wiki nzima, ifanye kazi.

— Na ukimlalamikia binti, akaongeza Wakili, atakuletea fundi. Yule si ndiye anayepokea malalamiko ya wateja kule kazini kwake? Wale wana utaratibu. Unalalamika, wanakupa namba ya lalamiko, wanakutumia fundi. Ukimlalamikia fundi, wanakutumia fundi wa kumkagua fundi. Mimi niliwahi kulalamikia bomba, nikaletewa mafundi mpaka nikawa nawapikia. Aliyepokea simu sijamwona hadi leo.

Masjala hakuwa amelifikiria hilo. Alimwona fundi kijana, mwenye begi, amekaa kwenye kile kigoda.

— Haya, alisema polepole. Lakini je, kama tatizo si mpangilio? Kama mashine yenyewe, kwa asili yake, haiwezi? Hata fundi asiweze?

Hapo benchi likapata uhai. Wakili akageuka mzima mzima. Injinia akasogeza chaja aliyokuwa akiitengeneza, asije akaikalia.

— Kwa asili yake, alianza Injinia, kuna jambo watu hawaambiwi. Ile sabuni yake ina njaa. Imetengenezwa kula uchafu. Usipoipa uchafu wa kutosha, inakula sahani.

— Inakula sahani!

— Maua hayajawahi kufutika kwenye sahani zako? Ndiyo hiyo. Inaanza na maua, inamaliza ukingo, siku moja unafungua mlango unakuta hewa. Samaki mkunje angali mbichi: usiku kabla ya kuiwasha, itilie mchuzi kidogo.

— Mchuzi wa nini, tena? alisema Wakili. Shida si njaa. Shida ni maji. Maji yaliyoosha Jumapili ndiyo yanayoosha Jumatatu, yanazunguka mle mle kama uvumi. Yakifika Alhamisi hayajulikani tena yalianzia wapi. Kwa sheria, uchafu haukuondolewa. Umegawanywa sawa kwa wahusika wote.

— Yanabadilishwa, wewe!

— Nani ameshuhudia? Mlango umefungwa. Kitu kinachofanyika nyuma ya mlango uliofungwa, mahakamani tunakiita madai. Mimi nakwambia hata kuosha haioshi.

— Inafanya nini, basi?

— Inabadilisha. Unatia sahani zako chafu, zinatoka safi za mtu mwingine. Na mahali fulani kuna mtu amefungua mlango wake akakuta zako, anashangaa haya maharage ya nani.

Sukari akacheka hadi akaweka birika chini. Injinia akasema hilo haliwezekani, maana bomba lile ni jembamba, sahani haipiti, labda sosa. Wakili akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ndiyo maana bilauri za mguu huvunjika mle. Injinia akasema mkono mtupu haulambwi. Wakili akauliza hilo linahusikaje. Injinia akasema linahusika kwa kuwa sahani nayo ikiwa tupu hailambwi, na zamani watoto walilamba sahani na hapakuwa na haja ya mashine.

Masjala alikuwa akimwangalia Wakili.

— Ukiziona si zako, aliuliza, utajuaje?

— Nini?

— Sahani. Zikitoka si zako. Zetu zina mstari wa bluu ukingoni. Alizinunua yeye, siku tulipopata ile nyumba. Alichagua kutwa nzima, muuza duka akachoka akatuachia kigoda. Sasa zikitoka za mtu mwingine, na zina mstari uleule, utajuaje?

Wakili akatazama kofia yake.

— Mzee, mimi nilikuwa natania.

— Najua.

— Sufuria je, umelipakiaje? Injinia akauliza haraka haraka.

— La kila siku limo. Lile kubwa haliingii.

— Lipi?

— Lile tulilopikia watu tulipokuwa watu. Nililijaribu wima, nikalijaribu ubavu, mlango haukufunga.

— Litoe kishikio.

— Halina kishikio. Ni kubwa tu.

Wakati huo akafika dada mmoja aliyevaa sare za uuguzi, na pasi mkononi, waya umezungushiwa shingo ya pasi. Alikuwa ametoka zamu. Macho yake yalionyesha. Hakuna aliyemjua.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, waliitikia wote, hata Injinia, ambaye kwa umri wake marahaba ilikuwa bado ina mgogoro.

— Pasi yangu haipati moto.

— Kaa, dada, ipoe kwanza, alisema Injinia.

— Imeshapoa. Ndiyo shida yake.

Alipewa nafasi, akapewa kikombe, akawasikiliza. Wakili alikuwa amerudi kwenye kamati yake, na Injinia kwenye mkono unaozunguka. Ndani ya muda mfupi dada yule akawa ameelezwa habari ya tarehe, pingu za vijiko, sabuni yenye njaa na maharage ya mtu asiyejulikana. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wagonjwa. Halafu akamgeukia Masjala.

— Na vyenyewe vilitoka safi?

Wakamtazama. Injinia akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Masjala. Sukari peke yake ndiye aliyetazama chini.

— Mzee, alisema Injinia taratibu, vilitokaje?

— Havijatoka.

— Mashine haijamaliza?

— Imemaliza asubuhi. Sijafungua.

— Mchana kutwa tunabishana juu ya sahani ambazo hakuna aliyeziona! Wakili akasema, na kwa sauti yake ungejua kwamba amekuwa akizitetea sahani hizo kwa moyo wake wote. Mzee, ushahidi uko jikoni kwako!

— Kwa hiyo umepakia tu, akasema yule dada. Hujapakua.

— Kupakua ni chakula, alisema Sukari.

— Na mzigo pia. Unapakia, unapakua. Chakula unapakua, mzigo unapakua, vyombo unapakua. Neno ni hilo hilo. Akamgeukia tena Masjala, bila ubaya wowote, kama anavyomuuliza mgonjwa anaishi wapi. Kwani hapo kwako, baba, nani anapakua?

Lilikuwa swali dogo. Mtoto angelijibu. Injinia akafungua mdomo, akaokota bisibisi. Wakili, aliyewahi kujibu maswali ya majaji kwa mfululizo bila kupumua, akaanza kufuta vumbi kwenye kofia isiyo na vumbi. Masjala alikiona chumba chake: meza, kiti kimoja kilichovutwa na vingine vilivyosukumwa ndani, na yeye mwenyewe amesimama jikoni, anajipakulia, anajiambia karibu.

Simu ikalia mfukoni mwake.

Aliishika kama anavyoishika siku zote, mbali na sikio kana kwamba inaweza kuuma, kwa hiyo benchi zima likasikia.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Imemaliza?

— Imemaliza.

— Vimetoka safi?

Akawatazama wenzake. Injinia alikuwa akitikisa kichwa: sema vichafu, sema vichafu. Hakuwa ameambiwa lolote, ila kuna mambo hata injinia wa ukutani huyaona yakikaa mbele yake muda mrefu.

— Havijatoka.

— Mlango umekwama? Nikutumie fundi?

— Mlango hauna neno. Usitume mtu. Akasafisha koo. Kupakia nimepakia, mwanangu. Kupakua ndiko sijui.

— Baba, kupakua ni kutoa tu! Unafungua, unatoa, unaweka kabatini.

— Katika nyumba ile alikuwa akipakua mama yako. Baada yake umepakua wewe. Mimi nafuta, na kufuta kwenyewe unajua ninavyofuta.

Upande wa pili zikasikika simu nyingine zikilia, na sauti za watu wakiomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Kisha binti akasema, na haikuwa tena sauti yake ya kazini:

— Baba.

— Naam.

— Nitaona.

— Utaona?

— Nitaona, Baba. Nina mteja hapa anangoja.

Simu ikakatika. Masjala akairudisha mfukoni kwa uangalifu. Alilijua vyema neno lile. Yeye mwenyewe alikuwa na muhuri wake, *Litaangaliwa*, na alijua rafu yake, ile ya juu kabisa ambako ngazi haikufika. Lakini alijua na jambo jingine, ambalo wasiofanya kazi masjala hawalijui: faili likishafungwa hupelekwa stoo, na stoo kuna panya. Lisilofungwa, hata likae vipi, hakuna mwenye mamlaka ya kulitupa.

— Sasa unakwenda kufungua? aliuliza Wakili.

— Hapana.

— Mpaka lini?

— Suala linaangaliwa.

Sukari alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha yule dada. Likatoa matone, likatoa mashapo, halikutoa kingine. Akalitikisa, kwa heshima tu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akavikusanya vikombe, akavichovya kwenye ndoo yake, kimoja kimoja, kidole gumba kikipita ndani na kuzunguka, na alipofika kwenye sinia akasita. Kile cha Masjala akakiweka kimekaa, mdomo juu.

— Mzee, akasema, utakula nini leo?

— Chakula kipo. Nitapika.

— Sahani zote zimo mle.

— Nitakula sufuriani.

— Na vijiko umevifunga.

— Mwiko upo.

Masjala akasimama, akajikung'uta koti. Kofia ya Wakili haikurudi pale palipoachwa wazi. Wakili aliishika magotini.

— Utapikia lile dogo? Injinia akauliza. Hilo nalo si umesema limo?

— Lile kubwa.

— Lile kubwa, mzee? Chakula cha mtu mmoja?

Masjala alikuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa. Akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kifungu alichokuwa akikitafuta kwenye kanuni.

— Na nitaliacha lishike ukoko, alisema. Lile haliingii mle.